Mbao za mathenge: kuchagua gogo, kupasua, kukausha na kuzitumia katika karakana ya Tanga

Fundi anayetafuta ubao wa futi kumi ulionyooka kwa ajili ya kitanda au fremu ya mlango asipoteze muda wake kwa mathenge. Mti huu hutoa magogo mafupi, yaliyopinda, yenye nyufa za ndani na matundu ya wadudu, na gogo zuri mara nyingi halizidi mita moja na nusu. Lakini fundi anayetengeneza mbuzi ya kukunia nazi, bao la kuchezea, marfaa ya msahafu, mipini ya patasi, vibao vya kukatia nyama au bakuli za kukereza atakutana na mbao ambayo ugumu wake ni zaidi ya maradufu ya mtiki na ambayo, ikishakauka, haichezi. Anayeujua mti huu hupokea gogo kwanza, akaligeuza na kulitazama, ndipo akaamua litazaa kitu gani. Atakayeanza na oda ya mteja, kisha akaenda kutafuta gogo la kuitimiza, atalipa gharama kubwa na kuishia kulaumu mbao.

Mti wenyewe na namna ya kuupata

Mathenge ni mti wa miiba unaotoka Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini. Wataalamu wanauandika Prosopis juliflora, na tangu mwaka 2022 wengine wanauita Neltuma juliflora. Ndugu zake wa Texas na Mexico ndio wanaotumiwa zaidi na maseremala wa huko. Kenya uliingizwa mwaka 1973 ili kuotesha kijani kwenye machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, kisha katika miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na sehemu nyingine kame kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuuzuia. Mifugo hula maganda yake matamu, mbegu hupita salama tumboni, na kila kinyesi kikawa kitalu. Kwa upande wetu umeenea katika tambarare za Kahe, mkoani Kilimanjaro, pale reli itokayo Tanga inapokaribia Moshi. Wengine wanauita mrashia.

Jambo hili linamhusu fundi kwa sababu linaamua mahali pa kuchukua mbao. Usiupande mti huu kwa tamaa ya mbao, wala usimshauri mwenye shamba wa Muheza, Mkinga au Pangani aupande. Mitiki ya Longuza inatosha kwa anayetaka kupanda. Mathenge tunaoutaka ni ule ambao tayari umevamia malisho ya watu na wenyewe wanatamani uondoke.

Hata hivyo, mti wa kero nao una sheria zake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa hiyo kabla ya kukodi gari pita ofisi ya misitu ya wilaya unakovuna, ulipie kinachotakiwa na uhakikishe karatasi zinaitaja aina ya mti na kiasi chake. Vizuizi vya barabarani kati ya Moshi na Tanga havitambui maelezo ya mdomo. Anayefikiria kuleta magogo kutoka Kenya kupitia Horohoro ajue kwamba atahitaji pia kibali cha afya ya mimea. Kwangu mimi, usumbufu huo hauna faida kwa mzigo mdogo.

Mvunaji aache vitu viwili huko huko porini: maganda na magome. Ganda moja likidondoka Hale au Segera linatosha kuanzisha msitu, kwa kuwa mbegu zake hukaa hai ardhini kwa miaka mingi. Magome nayo huficha mayai na funza wa wadudu watobozi. Gogo lichunwe, lifagiliwe, ndipo lipakiwe. Na kisiki kisiachwe kikichungulia, maana mathenge hukatwa leo na kuchipua machipukizi kumi. Kichimbuliwe hadi chini ya shina, pale mizizi inapoanzia, kisha kikatwe chini ya uso wa ardhi.

Miiba yake inafika sentimita kadhaa, inapenya soli ya ndala na tairi la pikipiki, na jeraha lake huvimba na kutunga usaha upesi. Buti ngumu na glavu za ngozi ni lazima kwa kila anayegusa matawi.

Tabia ya mbao

Moyo wa mti una rangi ya kahawia yenye wekundu, wakati mwingine na michirizi myeusi, na unapopigwa na mwanga na hewa huzidi kukolea. Sehemu nyeupe ya pembeni ni nyembamba na ya njano iliyopauka. Nyuzi zake zimenyooka mahali pachache tu. Kwingine zinajipinda na kupishana, hasa karibu na mapanda na vifundo, na hapo ndipo urembo wake ulipo na ndipo randa inaponyofoa.

Uzito wake ukiwa mkavu ni takriban kilo 800 kwa mita ya ujazo, ilhali mtiki ni kilo 650 hivi. Ugumu wa mathenge wa Texas, kwa kipimo kile cha kuzamisha gololi ya chuma katika ubao, ni kama nyutoni 10,400, na mtiki haufiki 5,000. Ndiyo sababu katika miaka ya 1880 watu wa San Antonio, Texas, waliweza kusakafia baadhi ya barabara zao kwa vipande vya mbao hii vilivyochongwa pembe sita, na magurudumu ya magari ya farasi yakapita juu yake.

Lakini sifa inayoutofautisha na miti mingi ni utulivu. Ubao mbichi huanza kusinyaa pale maji yake yanaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wake mkavu. Kutoka hapo hadi kukauka kabisa, mathenge husinyaa kama asilimia 2 kuelekea kwenye kiini na asilimia 3 kufuata duara la miaka, yaani zile pete za ukuaji zinazoonekana kwenye ncha ya gogo. Mtiki, ambao sote tunausifu kwa kutulia, husinyaa zaidi ya asilimia 5 kwa upande huo wa duara. Pigia hesabu ubao wa upana wa milimita 200 uliokaushwa Tanga ukiwa na maji asilimia 16, kisha ukapelekwa Dodoma na kushuka hadi asilimia 10. Ubao wa mathenge utapungua milimita 1.2 hivi, na wa mtiki zaidi ya milimita 2. Miongoni mwa miti yetu, mninga ndio unaoukaribia kwa tabia hiyo. Zaidi ya hapo, kwa kuwa tofauti ya kusinyaa kati ya pande zile mbili ni ndogo, ubao wa mathenge haukunji mgongo kama ukindu uliokauka juani.

Moyo wa mti haupendwi na mchwa wala hauozi upesi hata ukisimikwa ardhini, na wafugaji wanalijua hilo katika nguzo za maboma yao. Sehemu nyeupe haina kinga hiyo kabisa. Wadudu wa unga wa mbao wataigeuza kuwa vumbi ndani ya bidhaa uliyokwisha kuiuza, kwa hiyo iondoe, hata kama rangi mbili zinapendeza machoni.

Kuchagua gogo

Lichague likiwa limekatwa na ncha zote mbili zinaonekana. Ukiuziwa mti uliosimama umenunua mfuko uliofungwa, kwa sababu mathenge mnene huwa na uwazi au uozo katikati, na kwa nje huwezi kujua. Tazama ncha kwa mpangilio huu. Kwanza, kiini kiko wapi? Kikiwa kimesogea sana upande mmoja, mti huo uliinama, na mbao zake zitakuwa na mkazo utakaozifanya zipinde zikiwa bado chini ya msumeno. Pili, kuna ufa wa mviringo unaofuata duara la miaka? Ufa wa aina hiyo huenda mbali ndani ya gogo na huwezi kuukata ukaisha, tofauti na nyufa zinazotoka kiinini kama miale, ambazo unaweza kuzipanga zibaki katika ubao mmoja. Tatu, gonga kwa nyundo. Gogo zima hulia kavu na wazi, na lenye pango hulia bubu.

Magogo yenye kipenyo cha chini ya sentimita 15 yaache yaende mkaa, isipokuwa unataka mipini tu. Ya sentimita 20 hadi 30 ndiyo ya kazi nyingi. Ukipata lile la sentimita 40 lenye moyo mzima, usimwonyeshe mtu.

Yale yaliyopinda usiyakatae kwa haraka. Mapanda na viwiko hutoa mikono ya viti, miguu ya vigoda na vishikio ambavyo nyuzi zake zinafuata umbo lenyewe, na hivyo haviwezi kukatika kirahisi. Waunda mashua wa Pangani huzunguka msituni na macho hayo hayo wanapotafuta mataruma, yaani mbavu za mashua, na seremala wa nyumba naye anafaa kuyaazima.

Kupasua

Pasua mapema, ndani ya wiki chache tangu mti ukatwe. Mbao mbichi ya mathenge hukubali meno ya msumeno; ile iliyokauka ikiwa gogo huyala meno hayo. Mashine ya dindong, yaani msumeno wa duara wa kupasulia magogo, au msumeno wa mkanda unafaa, lakini mafundi wengi hukataa magogo mafupi kwa sababu hayashikiki vizuri. Dawa yake ni kulipigilia gogo juu ya ubao mrefu wa mbao laini, kwa vipande vya mbao vya pembeni wala si misumari inayoingia njia ya msumeno, na kulisukuma pamoja na ubao huo. Kwa chensoo, tumia fremu ya kuongozea na minyororo miwili, mmoja ukiwa kwenye mashine na mwingine umekwisha kunolewa, kwani mchanga ulioingia kwenye magome na ugumu wa mbao vitalilaza jino mapema.

Kwa miti mingine tunahangaika kupasua kwa kuelekea kiini ili ubao utulie. Hapa huna haja hiyo. Pasua bapa, ubao baada ya ubao, upate upana mkubwa iwezekanavyo, ila ubao wa katikati wenye kiini uupasue tena mara mbili ukiondoa kiini chenyewe. Kata unene uliozidi ule unaoutaka kwa milimita 5, ambazo 2 zitapotea kwa kusinyaa na kupinda na zilizobaki kwa randa. Unene unaonifaa mimi ni milimita 30 na 40. Wembamba wa chini ya 20 ni kupoteza mali. Kwa jumla usitarajie kutoka na zaidi ya theluthi ya gogo ikiwa mbao safi, na bei ya bidhaa uipange ukiwa umekwisha kulikubali hilo.

Kukausha

Hatua hii ndiyo inayoharibiwa na wengi, ingawa mti wenyewe ni mwepesi kukauka. Siku ile ile ya kupasua, paka ncha za kila ubao nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta, mikono miwili, ikishuka sentimita 3 kwenye pande. Maji hutoka nchani upesi kuliko pengine popote, na ncha isiyozibwa hupasuka usiku wa kwanza. Kisha chuna gome lolote lililobaki ukingoni.

Panga mbao juu ya matofali, sentimita 40 kutoka chini, kwa sababu ya mchwa na ya maji ya mvua yanayoruka. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya milimita 20 kwa 20, umbali wa sentimita 30 hivi, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kile cha chini yake. Vijiti vikipishana, mbao zitainama mahali palipopishana na zitakauka na umbo hilo. Juu weka uzito: matofali au mawe. Banda liwe na paa na liwe wazi pande mbili ili upepo upite, lakini jua lisizipige mbao moja kwa moja. Anayepasua baada ya masika kwisha anapata miezi mizuri ya kusi ya kukaushia. Anayepasua katikati ya masika atapambana na ukungu.

Katika hewa ya Tanga, ambayo unyevu wake kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa karibu asilimia 75 hadi 80, ubao ulioachwa kivulini hauwezi kukauka zaidi ya asilimia 14 hadi 16, hata ukikaa miaka mitano. Kwa hiyo swali si umekaa muda gani bali umetulia au la. Chukua ubao mmoja wa katikati ya rundo, uandike namba, uupime kwenye mizani kila baada ya wiki mbili. Uzito usipobadilika mara tatu mfululizo, rundo limetulia. Mbao za milimita 30 huchukua miezi kadhaa, na za 40 zaidi kidogo.

Asiyekuwa na kipima unyevu anaweza kupata jibu la uhakika kwa mizani ya jikoni na joko la mwoka mikate. Kata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka katikati ya ubao, mbali na ncha, ukipime mara moja. Kiweke katika joto la nyuzi 103 hivi, ukitoe na kukipima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ukome kushuka. Toa uzito mkavu katika uzito wa mwanzo, ugawe kwa uzito mkavu, uzidishe kwa 100. Kipande cha gramu 126 kilichoishia gramu 110 kilikuwa na maji asilimia 14.5, na kwa kazi itakayobaki pwani hicho ni kiasi kinachofaa. Kwa mteja wa Dodoma au Arusha, ingiza mbao ndani ya chumba chenye joto kwa wiki mbili tatu zaidi, au uziweke kwenye dari chini ya bati, ambako hewa ya mchana ni kavu.

Kupiga randa, kutoboa na kuunga

Kabla ya jambo lolote vaa barakoa. Vumbi la mathenge huwasha pua, macho na ngozi za watu wengine, na msasa wa mashine hulitoa laini kiasi cha kubaki hewani baada ya kazi kusimama.

Randa iwe na makali ya siku hiyo hiyo, mdomo wake ubanwe hadi ubaki upenyo mwembamba tu, na uchukue unyoya mwembamba ambao taa inaonekana kupitia kwake. Kwenye mashine ya randa pitisha nusu milimita kwa mara moja. Palipo na nyuzi zinazopishana, hata hayo hayatasaidia. Acha randa, uchukue bapa la chuma la kukwangulia, ambalo linaweza kukatwa kwenye msumeno wa zamani, ulipinde kidogo kwa vidole gumba na kulisukuma mbele. Maranda yanayotoka ni kama nywele, na uso unaobaki hauhitaji msasa mkali.

Usipigilie msumari bila kutoboa kwanza. Utapinda au utapasua ubao, mara nyingine vyote viwili. Toboa kwa keekee au drili tundu linalolingana na kiini cha skrubu, upake sabuni au nta kwenye nyuzi zake, na utumie skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu. Mbao hii ina tanini, na chuma cha kawaida kikikutana nayo penye unyevu huacha doa jeusi la wino ambalo msasa hauliondoi. Kwa sababu hiyo hiyo usiache nyundo yenye maji juu ya kazi yako.

Gundi nyeupe ya kawaida inashika vizuri, mradi nyuso zimepigwa randa siku hiyo na kupanguswa. Viungo vya ulimi na tundu ndivyo vinavyoupa mti huu haki yake: kwa kuwa hausinyai sana, ulimi uliokaa sawasawa leo utakaa sawasawa miaka mingi. Ila uchongwe kwa kipimo halisi. Kwenye mbao laini ulimi ulionenepa kidogo hujibana na kuingia, lakini hapa hugoma au hulipasua tundu.

Nyufa ndogo na matundu ya wadudu si lazima zifichwe. Chimbua gome na uozo kwa ncha ya kisu hadi mbao ngumu, uziba chini kwa utepe, umimine gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mkaa. Mstari mweusi unaonekana kama sehemu ya mti. Epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao yenyewe hutoa rangi ya tope, na mimi siipendi.

Kwa wakerezaji kuna neema ya pekee. Bakuli la mbao nyingine hukerezwa nene likiwa bichi, likaachwa miezi likauke na kupinda, kisha likarudishwa kwenye keezo. La mathenge unaweza kulimaliza likiwa bado bichi, kwa unene wa milimita 6 hadi 8, na likabaki karibu na mviringo wake.

Kazi ya mfano: mbuzi ya kukunia nazi

Nimechagua mbuzi kwa sababu kila siku inaloweshwa, inakaliwa, inaburutwa sakafuni na kupigwa vishindo, na kwa sababu hakuna kipande chake kinachozidi urefu wa gogo letu. Hii ni ya miguu isiyokunjwa.

Andaa kalio la milimita 620 kwa 160, unene 35. Kwa kuwa gogo dogo halitoi upana huo ukiwa moyo mtupu, unga mbao mbili za milimita 80 kwa gundi, ukizigeuza hadi nyuzi za pande zote mbili zielekee upande mmoja. Ukikosea hapo, randa itanyofoa upande mmoja kila utakapolainisha mwingine. Acha gundi usiku kucha. Upande wa mbele chora shingo: milimita 120 za mwisho zipungue taratibu hadi upana wa 60. Pembe pale shingo inapoanzia ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali ndipo ufa unapozaliwa.

Miguu ni mbao mbili za urefu wa milimita 200, upana 150, unene 35, nyuzi zikisimama wima. Mguu wa mbele usimame nyuma kidogo ya shingo, wa nyuma milimita 60 kutoka ukingoni, na yote miwili ipanuke nje kwa nyuzi 10. Mpanuko huo ndio unaoizuia mbuzi isiinamie mbele mkunaji anapoegemea nazi. Juu ya kila mguu chonga ndimi mbili, kila moja ikiwa na upana wa milimita 35 na unene wa 16, ndefu kiasi cha kutokeza juu ya kalio kwa milimita 3. Matundu yatobolewe kwanza kwa drili iliyoelekezwa kwa mshazari huo, kisha yasafishwe kwa patasi kutoka pande zote mbili kuelekea katikati, yasije yakachanika chini.

Kwenye kila ulimi chana ufa wa msumeno kwa ajili ya kabari, na hapa uwe makini: ufa uende kukatisha nyuzi za kalio. Kabari ikiingia itausukuma ulimi kuelekea mbele na nyuma, kufuata nyuzi, mahali ambapo kalio lina nguvu. Ufa ukifuata nyuzi, kabari itafanya kazi ya shoka. Paka gundi, ingiza miguu, gonga kabari mbili mbili kwa zamu hadi sauti ya nyundo ibadilike kuwa kavu, kisha acha. Siku ya pili kata kilichotokeza na upige randa. Simamisha mbuzi juu ya sakafu iliyo sawa, uizungushie penseli iliyolazwa juu ya kijiti ili kuchora mstari wa chini wa miguu, ukate mstari huo.

Ulimi wa chuma nunua kwa mhunzi, wenye mkia wa angalau milimita 80. Mkia usipigiliwe juu ya shingo kama wafanyavyo wenye haraka. Chana shingo katikati kwa msumeno, mfereji wa unene wa mkia, uulaze ndani ukiwa umezungushiwa epoksi pande zote ili maji ya nazi yasikutanishe chuma na tanini, ufunge kwa riveti mbili za shaba zinazopita upande hadi upande. Meno yawe juu kidogo ya kimo cha kalio, yakiinuka mbele. Kabla epoksi haijashika mkalishe mtu wa kimo cha kawaida ashike kifuu mikononi, akuambie kama mikono imekaa vizuri. Fundi wa kiume ambaye hajakuna nazi maishani mwake asijitegemee mwenyewe kwa hukumu hiyo.

Kumalizia

Msasa uanze namba 120, uende 180, uishie 240. Kurukia namba kubwa kabla mikwaruzo ya awali haijaisha kutaonekana mara tu mafuta yatakapogusa, kwani mbao ngumu haisamehi mikwaruzo. Usipake rangi ya kubadilisha mbao. Weka kazi mahali penye mwanga wa mchana kwa siku chache, ukiigeuza, na wekundu utakuja wenyewe.

Kalio la mbuzi, vibao vya kukatia na mipini vinataka mafuta na nta tu: mikono mitatu ya mafuta ya kitani yaliyopikwa, kila mkono ukipanguswa baada ya dakika 20 na kuachwa siku nzima, kisha nta ya nyuki. Matambara yenye mafuta hayo yatandaze nje yakauke, usiyakunje kwenye kona, kwa sababu hujipasha moto yenyewe na kuwaka. Kwa vibao vinavyogusa chakula, chagua mafuta yasiyo na vikaushio vya kiwandani, hata kama yatachelewa kukauka.

Kwa marfaa, bao na vikasha, sanding sila na vanishi zinafaa, lakini usipulize siku ya mvua wala asubuhi yenye umande. Thina ikiruka upesi hupoza uso, unyevu wa hewa ukaganda juu yake, na vanishi ikawa nyeupe kama maziwa. Saa nne hadi saa tisa za siku kavu ndizo saa zake.

Vipande vilivyobaki chambua mara moja, kabla havijawa rundo. Vinavyofika urefu wa sentimita 12 vitoe mipini na kete, vipande vyembamba vilivyonyooka viwe kabari na vigingi vya kazi ijayo, na makombo yauze kwa wachoma mishikaki, ambao moshi wake wanautafuta. Sehemu nyeupe yenye dalili ya unga wa wadudu iende jikoni siku hiyo hiyo, isilale karibu na rundo la mbao.